Duara la Mita Mia Nne

Karakana ya Nguo za Harusi,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni
Jumanne, 4 Machi

Mwanangu Penseli,

Nakuandikia barua kwa sababu simu haina kumbukumbu. Mtu akikana alichokisema kwenye simu, unabaki umeikodolea macho simu. Karatasi haikani.

Leo asubuhi wamekuja watu wawili wenye fulana za njano kubandika tangazo mlangoni kwangu. Walikuwa wamesahau gundi, wakaniomba pini. Nikawapa! Nimejibandikia amri ya kuhama kwa pini zangu mwenyewe.

Tangazo linasema kiwanda cha sabuni kitajengewa mtambo mdogo wa nyuklia wa kuchemshia maji, maana sabuni hupikwa kwa mvuke. Mtambo utakaa kwenye kiwanja kitupu upande wa pili wa kiwanda, kwa sababu mvuke ukisafirishwa mbali unapoa. Hapo sina ugomvi. Kanuni inasema nyumba au karakana ya mtu isiwe ndani ya mita mia nne kutoka katikati ya mtambo. Hapo pia sina ugomvi. Chini ya maneno kuna ramani, kwenye ramani kuna duara, na ndani ya duara, Penseli, imo nyumba yangu. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Kikao cha wananchi ni tarehe 17 Aprili. Baada ya hapo tuna siku tisini za kufunga virago.

Usidhani nauogopa mtambo. Nimeusoma maktaba kuliko hao wanaouleta. Miaka thelathini na moja bomba la moshi la kiwanda hiki limenitemea masizi juu ya nguo nyeupe. Kiwanda cha sabuni, mwanangu! Kinachafua nguo za mtaa mzima, kisha kinatuuzia dawa yake. Nimewahi kuanika shela la bibi harusi likarudi linamfaa mjane. Bomba hilo halijawahi kuchorewa duara, hata la ukubwa wa kifungo. Mtambo ambao haujafika, tena hauna moshi, tayari una duara. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa moshi uko idara nyingine.

Mimi nautaka mtambo. Nataka uje, bomba lizimwe, na mimi niwe papa hapa, niianike nguo nyeupe uani asubuhi, jioni niianue ikiwa nyeupe bado. Mara moja tu kabla sijafa. Nikihamishwa, atakayeiona siku hiyo ni nani? Mbuzi?

Wewe uko humo humo Idara ya Mipango. Nitafutie jina la huyo aliyechora duara. Nataka kumwandikia. Sitamtukana sana.

Ni mimi shangazi yako.


Idara ya Mipango, ghorofa ya pili
Jumanne, 11 Machi

Shangazi, shikamoo.

Natumai u mzima na cherehani nayo nzima. Mimi sijambo, ila nina kikohozi kidogo na usingizi haupatikani.

Habari za tangazo zimenishtua sana. Kuhusu ombi lako: Idara yetu ni kubwa, ina vyumba vitatu, na si rahisi kila mtu kujua kinachofanywa na kila mtu. Ramani huchorwa na Kitengo cha Ramani. Nimeulizia kwa uangalifu. Nimeambiwa mchoraji ni mtu makini, mwenye adabu, bado yuko kwenye majaribio, na mwisho wa Aprili ndipo Mkuu wa Idara ataamua kama amwajiri moja kwa moja au amrudishe kwao. Kwa hiyo ingekuwa vizuri asisumbuliwe wakati huu.

Je, hujafikiria kuhama? Mtaa wa juu una upepo mzuri. Nguo zingekauka haraka.

Tafadhali usimwandikie Mkuu wa Idara. Ana presha, na akipandwa na presha huwa anazunguka vyumbani akikagua vifaa.

Asante tena kwa kile kikombe kikubwa cha bati ulichonipa nilipoanza kazi. Kinatusaidia sana hapa ofisini.

Mwanao,
Penseli


Karakana
Jumatatu, 17 Machi

Mwanangu Penseli,

Kikohozi kinywee maji ya moto. Kukosa usingizi kuna dawa yake, ila haiuzwi dukani.

Nimepima. Jana Jumapili kiwanda kilikuwa kimefungwa, nikamwendea mlinzi wa geti, yule mwenye kitambi. Nikamwambia, "Nataka kupima kutoka kile kigingi chekundu walichokipigilia katikati ya mahali pa mtambo hadi mlangoni kwangu." Akasema, "Mama, una kifaa?" Nikamwonyesha futi yangu ya kushonea, ile ya sentimita mia moja na hamsini. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akashika ncha ya pili, maana siku ya Jumapili mlinzi hana la kufanya.

Tulipita katikati ya stoo ya sabuni, tukapanda maboksi, tukashuka. Tulipofika mara mia moja na tisini akapiga chafya, hesabu ikampotea, tukarudi kigingini tukaanza upya. Mara ya pili nilimpa vifungo. Kila futi moja, kifungo kimoja mfukoni. Tulipofika mlangoni kwangu tulimwaga mezani tukahesabu, mimi, yeye, na jirani yangu fundi baiskeli kama shahidi. Mia tatu na vinane. Zidisha mwenyewe. Ni mita mia nne sitini na mbili.

Kanuni ni mia nne. Mimi niko nje kwa mita sitini na mbili. Sasa nyumba yangu imeingiaje kwenye duara? Imetembea?

Nimesoma kanuni yenyewe neno kwa neno, kurasa arobaini na moja. Imeandikwa na watu wenye akili zao. Wamefikiria mafuriko, tetemeko, lori la gesi kupinduka, hata ndege kuanguka. Kitu kimoja tu hawakukifikiria: kwamba mwishowe kanuni yote itaangukia mkononi mwa mtu mmoja mwenye kalamu, ofisini, na hakuna atakayemtazama anapochora.

Jina la mchoraji bado nalisubiri.

Na hicho kikombe, unakinywea chai lakini? Umeniambia kinawasaidia. Hujaniambia kinawasaidia nini.

Shangazi yako.


IDARA YA MIPANGO
Kumb. Na. MP/DUARA/7
26 Machi

Kwa Bibi Fundi wa Nguo za Harusi,

YAH: MALALAMIKO YAKO YA TAREHE 18 MACHI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Idara imepokea barua yako yenye kurasa tisa pamoja na vifungo mia tatu na vinane ulivyoviita kielelezo. Vifungo vimehifadhiwa.

Unajulishwa kwamba utepe wa kupimia viuno si kifaa kinachotambulika kwa upimaji wa ardhi. Duara la eneo la kinga limechorwa na mtaalamu, kwa utaratibu ambao Idara imeutumia kwa miaka kumi na tisa bila lalamiko hata moja.

Unakaribishwa kutoa maoni kwenye kikao. Kila mwananchi atapewa dakika mbili.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mkuu wa Idara


Karakana
Jumanne, 1 Aprili

Kwa Mkuu wa Idara,
Nakala: Penseli, Kitengo cha Ramani

Mheshimiwa,

Asante kwa kuvihifadhi vifungo. Nitavihitaji Juni, vina koti.

Unasema utepe wangu hautambuliki. Utepe huo umewapima mabibi harusi elfu na ushee, na hakuna aliyewahi kufika siku yake gauni likamkataa. Mimi nikikosea sentimita mbili, mtu analia mbele yangu, na ninamlipia kitambaa. Nyinyi mkikosea mita sitini, anayelia yuko mbali, na mnampa dakika mbili.

Unasema miaka kumi na tisa hakuna lalamiko. Hiyo haionyeshi kwamba mlikuwa sahihi, mheshimiwa. Inaonyesha kwamba hakuna aliyepima.

Sijaandika kuupinga mtambo. Wapo watakaokuja kikaoni kupiga kelele kwamba watoto watazaliwa wanang'aa. Hao nitawajibu mwenyewe, nimewaandalia kurasa tatu. Ninachopinga ni kitu kidogo na cha aibu zaidi: kanuni nzuri iliyochorwa ovyo. Kanuni mbaya unaweza kuipigia kelele hadharani. Kanuni nzuri iliyochorwa ovyo inakufukuza nyumbani kwa upole, kwa muhuri, na kwa pini zako mwenyewe.

Ombi langu ni moja. Tarehe 17, mbele ya watu wote, duara lichorwe upya kwa kifaa kile kile kilichotumika mara ya kwanza. Kama nyumba yangu itakuwa ndani, nitaanza kufunga virago siku hiyo hiyo, na nitaomba radhi kwa maandishi.

Fundi wa Nguo za Harusi


Idara ya Mipango
Ijumaa, 4 Aprili

Shangazi, shikamoo. Naandika haraka.

Kwa nini umeomba kifaa kile kile? Nani amekuambia kuhusu kifaa? Mkuu ameisoma barua yako kwa sauti, akasema, "Sawa, tutachora mbele yao, tuwanyamazishe." Kisha akaniuliza, "Glasi iko wapi?" Nikasema iko kwa fundi. Akauliza fundi gani anatengeneza glasi. Nikajifanya nakohoa.

Habari njema ni kwamba mchoraji uliyekuwa unamtafuta amehamishiwa mbali sana. Huko hakuna posta. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta tena.

Nakuomba, Shangazi, liondoe ombi lile. Nitakusaidia kuhama. Nitakuja mwenyewe kubeba cherehani.

Penseli


Karakana
Jumatano, 9 Aprili

Mwanangu Penseli,

Pole kwa kikohozi. Naona kinakuja hasa unapoulizwa maswali.

Na pole kwa huyo mchoraji, kuhamishwa mahali pasipo na posta. Kama kuna njia yoyote ya kumfikishia ujumbe, mfikishie haya. Sina hasira naye, nataka tu ajue yanayoendelea huku.

Tangazo halikubandikwa kwangu tu. Tuko nyumba kumi na moja upande huu. Mimi nina mdomo, nimeutumia. Wengine walisoma, wakaona muhuri, wakanyamaza. Fundi baiskeli ameshang'oa mabati ya nusu ya paa lake ili awahi kuyatumia huko aendako. Juzi mvua imenyesha, sasa analala na mwavuli. Mkunga mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ameanza kugawa vyombo vyake. Yule yule aliyekupokea ulipozaliwa ukiwa umetanguliza miguu. Jana amenipa sufuria. Nikamwambia, "Dada, kaa na sufuria yako, kikao bado." Akaniambia, "Mwenye ramani ndiye anayejua, mdogo wangu. Wale ni wasomi, hawawezi kukosea." Kisha akaniuliza kama wewe hujambo, maana anajivunia kwamba tuna mtu wetu ndani ya Idara.

Nikamwambia hujambo, una kikohozi.

Ombi siliondoi. Sufuria ninayo hapa mezani, naitazama.

Shangazi yako.


Idara ya Mipango
Jumamosi, 12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hii barua nimeiandika mara nne.

Hakuna aliyehamishwa. Kitengo cha Ramani ni mimi. Ni mimi peke yangu, na meza, na kiti chenye miguu mitatu na nusu. Duara nimelichora mimi.

Nikueleze lilivyochorwa, maana ukisikia kwa mtu mwingine utadhani anatia chumvi. Bikari ya ofisi ilipotea kabla sijaajiriwa. Kwenye ramani zetu sentimita moja ni mita mia moja, kwa hiyo duara la mita mia nne lina upana wa sentimita nane. Miaka kumi na tisa iliyopita Mkuu wa Idara aligundua kwamba glasi yake ya chai ina mdomo wa sentimita nane kamili. Tangu hapo haikununuliwa bikari. Vituo vya mafuta, machinjio, ghala la baruti la machimboni, vyote vilichorewa duara kwa ile glasi. Inaitwa Glasi ya Idara. Hairuhusiwi kunywewa. Ina kabati lake na ufunguo wake. Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo, nikasainishwa.

Mwezi Februari niliiosha. Sikuagizwa, niliona tu ina vumbi. Ikaniteleza.

Ramani ya mtambo ilikuwa inatakiwa saa nane mchana. Nikatazama mezani, nikaona kikombe chako. Nikakipindua juu ya ramani, nikazungusha kalamu. Kwa macho kilionekana sawa. Shangazi, nimekipima kikombe chako baada ya kupata barua yako ya kwanza. Kina sentimita kumi. Nilikuwa nimechora mita mia tano.

Yaani nimekutoa nyumbani kwako kwa kikombe ulichonipa wewe.

Nilitaka kusema siku hiyo hiyo. Kisha nikafikiria mwisho wa Aprili, na baba alivyouza baiskeli yake nisome, na wewe ulivyowaambia mtaa mzima kwamba mimi ndiye mpima mji. Nikasema nitasema kesho. Kesho zimekuwa nyingi.

Mwambie mkunga asigawe kitu tena. Tarehe 17 nitasimama niseme mwenyewe. Usiniombee msamaha kwa Mkuu, na usimtukane. Baada ya hapo nadhani nitarudi nyumbani. Unaweza kunifundisha kushona?

Penseli


IDARA YA MIPANGO
Kumb. Na. MP/DUARA/12
Tarehe 25 Aprili

Kwa Bibi Fundi wa Nguo za Harusi na wakazi wa nyumba kumi na moja,

YAH: MAREKEBISHO YA ENEO LA KINGA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Kufuatia kikao cha tarehe 17 Aprili, na kufuatia ukaguzi wa dharura wa kabati, Idara imechora upya duara la eneo la kinga. Nyumba zote kumi na moja ziko nje. Mnaruhusiwa kutohama. Idara inamsihi fundi baiskeli arudishe mabati.

Mpima ardhi aliyesajiliwa amepima umbali kutoka kigingi hadi mlango wa karakana akapata mita 461 na sentimita 90. Tofauti ya sentimita kumi na kipimo chako inachunguzwa.

Kuhusu maswali ya wananchi juu ya machinjio, vituo vya mafuta na ghala la baruti, Idara inasisitiza kwamba Glasi, wakati wa uhai wake, ilikuwa sahihi. Hata hivyo maduara yote yatapimwa upya, bila Idara kukiri lolote.

Kuhusu mtumishi wa Kitengo cha Ramani: ilipendekezwa arudishwe kwao. Ikaonekana kwamba barua ya kumfukuza ingelazimika kutaja sababu, na sababu ingelazimika kutaja Glasi. Aidha, ndiye mtumishi pekee wa Idara aliyewahi kuripoti kosa kabla ya kukamatwa nalo. Kwa hiyo amethibitishwa kazini, na ameongezewa cheo cha Msimamizi wa Vifaa vya Kupimia. Kwa sasa vifaa hivyo ni rula moja.

Vifungo vyako vinarudishwa pamoja na barua hii. Kimoja kimepotea. Tunaomba radhi.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mkuu wa Idara


Karakana
Alhamisi, 1 Mei

Mwanangu Penseli,

Siku ya kikao ulikimbilia gari la ofisi kabla sijakufikia, ndiyo maana bado naandika.

Kwanza, zile sentimita kumi zisichunguzwe. Ni kitambi cha mlinzi. Alikuwa ameishikilia futi juu ya tumbo lake.

Pili, uliposimama, nilikuwa safu ya tatu, nikaona yote. Mkuu alikuvuta shati mara mbili. Hukukaa. Ulipotoa kile kikombe kwenye mkoba ukakiweka juu ya ramani mbele ya watu mia mbili, mkunga alinishika mkono akaniuliza, "Yule si mtoto wetu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi nirudishie sufuria." Nimemrudishia. Hakuna aliyepiga makofi, na usisikitike kwa hilo. Watu walikuwa wanajaribu kukumbuka nyumba zao ziko umbali gani kutoka kituo cha mafuta.

Tatu, nina la kukiri na mimi, na ukikasirika utakuwa na haki.

Nilijua tangu tarehe 4 Machi. Nilijua kabla hata sijachukua kalamu. Duara lililobandikwa mlangoni kwangu lilikuwa na bonde dogo upande wa mashariki, kama mahali kalamu imejikwaa. Nililitazama nikiwa na pini mdomoni. Bonde lile nalifahamu. Nililitia mimi kwenye mdomo wa kile kikombe, mwaka ambao baba yako aliniambia kushona si kazi, ni kujishughulisha. Nilimrushia. Aliinama, kikagonga ukuta. Alikiokota akakitazama, akasema, "Sasa hiki hakifunikiki tena vizuri." Tukacheka mpaka tukasahau tulichogombania. Nilikupa wewe kwa sababu yeye hayupo tena.

Kwa hiyo nilipoona duara, nilijua ni kikombe gani na meza ya nani. Ningeweza kumwandikia Mkuu siku hiyo hiyo, nyumba ningeipata kwa barua moja, na wewe ungerudi na kisanduku chako mkononi. Nilikuomba wewe jina la mchoraji. Nilikuwa nangoja uniambie. Ungeniambia kwenye barua ya kwanza, ningekukaripia dakika tano tukaendelea na maisha. Umejitafuna wiki sita. Nilipokutajia mkunga sikuwa natania, nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba husemi kabisa.

Na kama usingesema? Ningesimama mwenyewe tarehe 17 na kuomba kikombe. Kumi na moja ni wengi kuliko mmoja, hata huyo mmoja akiwa ni wewe. Nashukuru hukunifikisha huko.

Kushona sikufundishi. Mtu anayeona sentimita nane na kumi ni sawa kwa macho hatashika mkasi humu ndani.

Kwenye kifurushi hiki kuna bikari mbili. Moja ya ofisi, moja ya kufichwa, maana ya ofisi itapotea. Kikombe baki nacho. Ila kiwe mezani kwako kimejaa chai tangu unapoingia kazini mpaka unapotoka. Ikipoa, ongeza ya moto. Kikombe chenye chai hakuna anayekipindua juu ya ramani.

Mtambo wanasema utachukua miaka minne. Nimeshakata kitambaa cheupe, nimekiweka sandukuni. Siku bomba likizimwa, uje, tukianike wote.

Shangazi yako.